Msanii anachoma pupa kwa sindano ya moto ili kipepeo atoke na bawa la kubuni. Hii tuiite sanaa?

#1 Mkunazi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa kifuani, naomba tulijadili kwa uzito wake. Mwaka 2000, kwenye tamasha la sanaa na teknolojia la Ars Electronica mjini Linz, Austria, msanii Mreno Marta de Menezes alionyesha vipepeo hai. Kila mmoja alikuwa na bawa moja kama alivyoumbwa, na la pili lenye madoa aliyoyapanga msanii. Hakutumia rangi wala brashi. Alikwenda Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kwenye maabara ya Profesa Paul Brakefield, akajifunza kumwingilia pupa mapema, wakati bawa bado linajijenga ndani ya ganda. Ukichoma kidogo kwa sindano ya moto pale katikati ya doa litakapotokea, doa linabadilika au linapotea. Ukizihamisha seli zile upande mwingine, doa jipya linaota huko. Kazi yenyewe aliiita "Nature?", na alama ya kuuliza ikiwemo.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba kipepeo huyo ni wa kwetu. Jina lake la kitaalamu ni Bicyclus anynana, mdogo, wa kahawia, anaruka chini chini kwenye nyasi na kufyonza matunda yaliyooza. Yupo Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Wale wa Leiden ni uzao wa majike waliokamatwa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988, kwenye ziwa lile lile wanalovua ndugu zetu wa Kyela na Mbamba Bay.

Mimi nachora, ndiyo kazi inayonilisha. Na naamini msanii hana ruhusa ya kumfanya turubai kiumbe asiyeweza kukataa. Mtafiti akimchoma pupa ili ajue bawa linajengwaje, roho yangu inatulia. Msanii akifanya kile kile ili watu watazame, roho inakataa. Nataka kujua kama roho yangu ina hoja au ina mazoea tu. Karibuni.

#2 Mtu wa Pwani

Nimekaa mbele kabisa. Wenye elimu ya wadudu waje, na wenye dini waje.

#3 Binti Maabara

Mkunazi, umeeleza vizuri, ila niongeze mambo mawili kabla watu hawajapandisha hasira.

Kwanza, hakuna jeni iliyoguswa. Vipepeo wale wakitaga, watoto wanatoka na mabawa ya kawaida kabisa. Alichobadilisha kinakufa na kipepeo mwenyewe. Na msanii anasema aliwaacha na bawa moja zima makusudi, ili mtazamaji alinganishe. Anasema pia kwamba kwenye bawa hakuna maumivu.

Pili, huyu kipepeo anabadilika hata bila sindano. Anayekua wakati wa mvua anatoka na madoa makubwa kama macho pembezoni mwa bawa. Anayekua kiangazi anatoka na madoa madogo mno, anafanana na jani kavu. Jeni ni zile zile. Joto analolipata akiwa kiwavi ndilo linaloamua. Masika yale macho humvuta adui adonoe ukingo wa bawa na kuacha kiwiliwili. Kiangazi anategemea kutoonekana. Kwa hiyo ukisema "bawa kama alivyoumbwa", nitakuuliza: lipi? La masika au la kiangazi?

#4 MwanaMuheza

Naombeni nafasi, maana hili ni la nyumbani kwangu. Mimi ni mkulima wa vipepeo, Amani, Usambara Mashariki. Tunapanda miti ya chakula chao, jike anataga ndani ya kizimba cha neti, viwavi tunawalisha mpaka wanageuka pupa. Pupa tulikuwa tunawapanga kwenye pamba, wanasafirishwa haraka kwenda Ulaya na Marekani kabla hawajapasuka. Wenzetu wa Kipepeo kule Gede, Kenya, wanafanya hivyo tangu 1993. Mwaka 2016 ilipotoka amri ya kuzuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, sisi ndio tulioumia. Kuna watoto waliokuwa wanasoma kwa pesa ya pupa.

Sasa nisikilizeni. Wale pupa tuliokuwa tunauza ng'ambo walikuwa wanakwenda kufanya nini? Kutazamwa. Wanapasukia ndani ya nyumba ya vioo, watu wanalipa kiingilio, wanapiga picha, kipepeo anaishi siku zake anakufa mbali na msitu. Hakuna aliyeuliza kama ni halali. Na pupa ukimshika vibaya siku anayojigeuza, akiwa bado laini, anatoka na bawa lililokunjamana, haruki maisha yake yote. Kila mkulima amewaona hao, na hakuna anayefurahi kuwaona.

Kwa hiyo Mkunazi, mimi sindano hainitishi kama inavyokutisha wewe. Ninachouliza ni kimoja: aliyechomwa, aliruka?

#5 Binti Maabara

@MwanaMuheza waliruka. Walionyeshwa wakiwa hai, wakiruka mbele ya watazamaji. Kitu kingine utakachokipenda: kule maabara viwavi wao wanalishwa miche ya mahindi, na wakishakuwa vipepeo wanapewa ndizi.

#6 Mtu wa Pwani

Mahindi na ndizi! Basi wamefika Uholanzi hawajabadili mlo.

#7 Kalamu Nyekundu

Mnahangaika na kipepeo wakati yupo sungura. Eduardo Kac, Mbrazili anayeishi Chicago, mwaka 2000 alitengeneza sungura anayeng'aa kijani gizani kwa kumtia jeni ya yavuyavu wa baharini (jellyfish), akampa jina la Alba. Huyo si kipepeo wa kufa baada ya wiki chache. Ni mnyama mwenye damu moto, anayeogopa, anayeumia. Hapo ndipo mstari ulipovukwa.

#8 Binti Maabara

Kalamu, hapo pana mambo ya kunyoosha.

Anayetajwa ni wa jamii ya wale wanyama laini wa baharini wanaowasha ngozi ya waogeleaji, watu wa Pwani wanawajua. Spishi yenyewe ni Aequorea victoria, na protini yake ya kijani aliitenga Osamu Shimomura mwaka 1962. Mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo, kwa sababu protini hiyo ndiyo taa ya watafiti. Unaiunganisha na jeni unayoifuatilia, unaona inafanya kazi kwenye seli ipi.

Sungura hang'ai gizani. Lazima umulikie mwanga wa buluu, ndipo arudishe kijani. Na manyoya hayana seli hai, kwa hiyo kinachoonekana ni macho na sehemu za ngozi kama masikio. Ile picha maarufu ya sungura wa kijani mwili mzima, mtafiti alikotoka sungura huyo aliikataa.

Tena Kac hakumtengeneza. Sungura alitoka kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, INRA, kituo cha Jouy-en-Josas, kwa Louis-Marie Houdebine. Houdebine alisema sungura wa aina hiyo walikuwepo tayari kwa utafiti wao. Kac anasimulia tofauti, kwamba Alba alizaliwa kwa ajili ya kazi yake. Mpaka leo simulizi hizo mbili hazijakutana.

#9 Kalamu Nyekundu

Sawa, mwanga wa buluu. Hoja yangu inabaki pale pale, na hayo uliyosema yanaipa nguvu. Kac alitaka kumwonyesha kwa watazamaji mjini Avignon, Ufaransa, halafu ampeleke Chicago aishi na familia yake kama sungura wa nyumbani. Taasisi ikagoma kumtoa. Akabandika mabango Paris akidai aachiwe. Mwaka 2002 waandishi wakaambiwa sungura amekufa. Maisha yake yote hakutoka maabara. Msanii alipata jina, mtafiti alipata usumbufu. Sungura alipata nini?

#10 Mkunazi

Kalamu, hilo swali lako la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta tangu nianze uzi huu. Ila tazama upande wa pili. Kac ndiye aliyesema kwamba ukishamleta kiumbe duniani unadaiwa malezi, unadaiwa kumpa jina na nyumba. Sungura wengine wa aina ile walikaa mabandani bila jina na hakuna gazeti lililowaulizia. Bila msanii, mimi na wewe tusingejua kama wapo. Hilo linanisumbua, kwa sababu linampa msanii haki kidogo ambayo nilikuwa nimemnyima.

#11 Ustadh Nungwi

Assalaam alaykum. Nitasema kwa ufupi, niliyoyasoma.

Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, Ibilisi anaahidi kuwaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadilishe umbile la Mwenyezi Mungu. Wengi wanaisimamia aya hii kukataa kila badiliko. Lakini imepokewa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatia chapa ngamia wa zaka kwa mkono wake, na akakataza chapa ya usoni. Na akakataza kumfanya chochote chenye roho kuwa shabaha ya mishale. Ukiyaweka pamoja, utaona mnyama anaweza kuguswa kwa haja inayojulikana, lakini kuna mahali pa mwili pasipoguswa, na hakuna ruhusa ya kumfanya kiumbe mchezo.

Sasa kazi ya sanaa ni haja au ni mchezo? Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Mimi naiona ni mchezo, hata ukiwa mchezo wa watu wenye akili.

#12 Pembe Nne

Wadau, niko Kapenguria, Pokot Magharibi. Ustadh, nakuheshimu sana, lakini kwetu hilo si mchezo na wala si haja ya tumbo.

Mzee anachagua ndama dume mmoja, anamhasi, anakuwa maksai wake wa moyoni. Pembe zikiwa changa zinaelekezwa, moja ije mbele na nyingine irudi nyuma. Inafanyika kwa kugongwa na jiwe pale mfupa unapoanzia pembe, na inauma, sitawaficha. Babu yangu alikuwa na maksai kama huyo. Alimtungia nyimbo, alimfunga kengele, alilala karibu naye. Hamuuzi wala hamchinji ovyo. Waturkana nao wanazitengeneza pembe za maksai wao.

Haongezi maziwa, halimi, hana uzito zaidi ya wenzake. Ni uzuri tu. Hiyo ni nini kama si sanaa kwenye mwili wa mnyama hai? Na mzee angekuelezeni kwamba anampenda mnyama yule kuliko ninyi mnavyompenda huyo sungura mliyemsoma.

#13 Kalamu Nyekundu

Pembe Nne, anampenda, nakubali. Lakini ulisema mwenyewe inauma. Mapenzi ya babu yanafuta jiwe?

#14 Pembe Nne

Hayafuti. Lakini aliyegonga ndiye aliyelala zizini kumtazama mpaka akapona. Huyo wa Leiden alilala wapi?

#15 Mama Kuku Goba

Mimi nafuga kuku wa nyama, na nimesoma uzi wote huku nimeshika simu bandani. Nasema ukweli: kama tunatafuta kiumbe aliyebadilishwa na binadamu bila kuulizwa, njooni huku. Kifaranga wa nyama wiki tano au sita yuko tayari kwa kisu. Kifua kinakua haraka kuliko miguu. Nimeokota wengi walioshindwa kusimama, nawasogezea maji mdomoni. Hakuna maabara iliyowatia jeni ya baharini, ni kuchaguana kwa vizazi na vizazi, mwenye kifua kikubwa azae na mwenye kifua kikubwa. Na sisi sote tunakula chipsi kuku Jumamosi.

Sisemi msanii ana haki. Nasema tunamkemea kwa sauti kwa sababu yeye ametuonyesha, na huyu wa bandani hatuonyeshwi.

#16 Mtu wa Pwani

Mama Kuku umetupiga pazuri. Kuanzia leo nakula mihogo. Mpaka Jumamosi.

#17 Shamba la Bwana

Biblia imemaliza: Mwanzo 1:28, mwanadamu amepewa kutawala samaki wa baharini na ndege wa angani na kila kiumbe kiendacho juu ya nchi. Kutawala ni pamoja na kuboresha. Wasanii, watafiti, wafugaji, wote ruksa, mradi wasitese.

#18 Mkunazi

Ndugu yangu, umeitaja aya ambayo Kac huyo huyo aliifanyia kazi mwaka 1999, kazi iitwayo "Genesis". Alichukua aya hiyo kwa Kiingereza, akaigeuza kuwa alama za Morse, zile za simu za upepo, nukta na mistari. Kisha akatumia herufi nne za DNA, kemikali inayobeba jeni: mistari akaipa T, nukta akazipa C, nafasi kati ya maneno A, na nafasi kati ya herufi G. Mfuatano huo ukatengenezwa kuwa jeni halisi, ukatiwa ndani ya bakteria. Watu waliotembelea ukumbini au kwenye intaneti waliweza kuwasha taa ya mionzi juu ya bakteria, na mionzi ile inaharakisha mabadiliko ya DNA. Mwisho wa maonyesho aya ikasomwa upya kutoka kwenye bakteria, ikiwa na herufi zilizokosewa.

Ona alichokifanya. Mtu asiyekubali kutawala lazima awashe taa, kwa sababu bila kuwasha aya inabaki kama ilivyo. Akiwasha, ameshatawala. Hiyo ni kazi ninayoikubali kwa moyo wote, na bakteria hawaniumizi roho. Kwa hiyo huenda mstari wangu unapita mahali fulani kati ya bakteria na kipepeo, na sijui nauwekaje.

#19 Bwana Shamba Moro

Huku kwetu haya si ya makumbusho. Makutupora, Dodoma, tulikuwa na majaribio ya mahindi yaliyotiwa jeni ya kuhimili ukame. Novemba 2018 serikali ikaagiza yasimamishwe. Kenya walizuia vyakula vya aina hiyo mwaka 2012, wakaruhusu Oktoba 2022, na kesi zikaenda mahakamani. Nairobi pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, alipatikana dume la Boran aitwaye Tumaini, aliyetengenezwa bila kupandishwa, kwa kunakili seli. Lengo la mbele lilikuwa kupata ng'ombe anayehimili nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, kwa kutumia jeni ya nyani. Wafugaji wangapi wameulizwa? Tunajadili vipepeo vya Linz wakati uamuzi wa ng'ombe wetu unapita pembeni.

#20 Kalamu Nyekundu

Bwana Shamba, umetuhamisha kutoka turubai hadi zizini. Lakini swali la nani aliulizwa ni la humu humu. Mwaka 1951, Baltimore, Marekani, Henrietta Lacks, mama mweusi mwenye saratani, alichukuliwa seli za uvimbe bila kuombwa. Alifariki mwaka huo huo. Seli zile, HeLa, bado zinazaana maabara duniani kote, chanjo na dawa zimejaribiwa humo. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara mwaka 2023 tu. Huyo alikuwa binadamu, ana mdomo, na hakuulizwa. Sasa sungura atafanyaje?

#21 Binti Maabara

Kwa kuwa tumefika kwenye seli, niwaletee kazi ambayo mimi ndiyo iliyonibadilisha. Oron Catts na Ionat Zurr, wasanii waliokuwa Perth, Australia, waliotesha koti dogo mno, la kutosha kumvalisha mwanasesere, kutokana na seli hai za panya na za binadamu. Wakaliita ngozi isiyo na mhanga, "Victimless Leather". Mwaka 2008 lilikuwa kwenye jumba la sanaa la MoMA, New York. Likakua haraka kuliko walivyotarajia, likaziba mirija, mkono mmoja ukaanza kuachia. Msimamizi wa maonyesho, Paola Antonelli, ikabidi azime mashine. Magazeti yakaandika kwamba jumba la sanaa limeua koti.

Sasa sehemu inayonihusu. Seli zile zinakula nini? Chakula cha seli maabara kina majimaji ya damu ya ndama ambaye hajazaliwa, inayopatikana ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Catts na Zurr wanalisema hilo wazi, na ndiyo shabaha ya jina lile. Hakuna aliyeokoka hapo, mhanga amesogezwa tu mahali tusipomwona. Mimi nimefungua chupa za majimaji hayo kazini miaka yote, na hakuna mkufunzi aliyewahi kuniambia nifikirie ndama. Wasanii wawili ndio waliofanya nifikirie. Kwa hiyo Ustadh, kwa heshima zote, siwezi kuiita mchezo.

#22 Ustadh Nungwi

Dada, maneno yako nimeyapokea. Lakini huoni kwamba mafunzo hayo yangeweza kuandikwa kwenye karatasi, bila kuotesha koti? Ukweli wa ndama ulikuwepo kabla ya koti.

#23 Binti Maabara

Uliandikwa, Ustadh. Umo kwenye lebo ya chupa. Nimeusoma kila wiki.

#24 Mama Kuku Goba

Hapo Binti amenena.

#25 MwanaMuheza

Nimerudi, huku mvua imekata mtandao. Nimesoma yote. Kuna kitu hamjakigusa: baada ya maonyesho, vipepeo wanakwenda wapi? Mimi nikitoa aina moja ya kipepeo msituni ili nimzalishe, sheria yetu ya kikundi ni kwamba baadhi tunawarudisha. Msitu ndio unaotupa mbegu, tukiukausha tumekwisha. Huyo wa Nkhata Bay alichukuliwa 1988, na vizazi vyote baada yake vimezaliwa ndani. Sasa hivi ni kipepeo wa Leiden. Hata ukimfungulia mlango wa Nkhata Bay sijui kama ataijua mvua. Hilo kwangu ni zito kuliko sindano, na walilifanya watafiti wala si msanii.

#26 Mkunazi

MwanaMuheza, hapo umenipeleka mbali. Mimi niliweka mstari kati ya mtafiti na msanii, wewe umeuhamishia kwenye kuchukua na kurudisha. Sijaridhika bado, kwa sababu sungura wa Jouy-en-Josas hana msitu wa kurudishwa, amezaliwa bandani kama walivyozaliwa wazazi wake. Huyo anarudishiwa nini?

#27 Pembe Nne

Anarudishiwa kulala naye zizini. Nilishasema.

#28 Bwana Shamba Moro

Na mbu wa Bagamoyo je? Kuna watafiti pale wametengeneza mbu wa maabara wenye jeni ya kuzuia vimelea vya malaria wasikomae ndani yao. Huyo akishaachiwa harudi tena, wala hakuna atakayelala naye zizini. Nani ana taarifa za karibuni?

#29 Binti Maabara

Wako ndani ya jengo lililofungwa, hawajaachiwa. Fungua uzi wake, Bwana Shamba, nitachangia jioni nikitoka kazini.